Nyuma ya Nyumba ya Msuka Viti

Kiangazi kikishika, mji ule huwa si wa wenyewe tena. Wageni hushuka na mabegi ya magurudumu, na mlio wa magurudumu yale juu ya mawe ya barabarani ndio unaoamsha watu badala ya jogoo. Mkate huisha dukani mapema. Kando ya ziwa hakuna pa kuweka hata unyayo, na mwenyeji akitaka kuyaona maji aliyozaliwa nayo, lazima achungulie katikati ya mabega ya watu na kuomba radhi.

Taratibu aliyaona hayo yote kupitia dirisha la chumba cha kufulia, kwenye nyumba ya wageni iliyo nyuma ya soko. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa jingine. Hili alipewa na bibi wa mumewe, siku ya kwanza alipomwona anavyokunja shuka: pembe kwa pembe, bila haraka, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Huyu ni Taratibu," bibi alisema, na likashika hapohapo. Kazi yake ilikuwa kufua, kukamua, kuanika na kupiga pasi shuka za watu waliokuja kuoga ziwani. Yeye mwenyewe ziwani alikuwa hajatia mguu tangu msimu uanze.

Mumewe alikuwa dereva. Aliwachukua watu walewale, akawapeleka kwenye maporomoko makubwa, akawapeleka kwenye jabali la kupigia picha, akawangoja garini mlango wazi na mguu mmoja nje, akawarudisha. Kesho yake hivyohivyo. Maporomoko aliyajua kwa sauti tu. Mtu akimwuliza kama maji yale ni ya baridi, alijibu, "Wanasema ni ya baridi."

Walikaa watatu katika chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia. Upande mmoja wao wawili, upande wa pili bibi, aliyemlea dereva tangu hajaota meno. Bibi alikuwa na utani wa mabibi. Mjukuu alimwita mume wangu, na Taratibu alimwita mke mwenzangu, na usiku akikohoa nyuma ya pazia alisema waziwazi kwamba amekohoa makusudi, kwa sababu zamu ilikuwa yake.

Sasa, wiki moja nyuma, dereva alikuwa amerudi na habari. Bosi wake amefungua ofisi nyingine ng'ambo ya milima, safari ya kulala njiani, na anataka mtu wa kuaminika wa kushika basi kubwa. Ni mwaka mzima, nyumbani ni kuja mara mojamoja. Mshahara wake ungetosha kujenga chumba cha pili, chenye ukuta badala ya pazia. Dereva aliyasema hayo huku akivua viatu. Taratibu alikuwa anachuja chai, na bila kuinua macho akasema, "Sawa."

Basi, neno moja. Dereva akalala, na asubuhi akaamka akilizungumzia lile basi kama mtu aliyekwisha kukaa kwenye usukani wake. Taratibu alikuwa amesema sawa kwa maana ya nimesikia. Akajikuta amekubali. Tangu siku hiyo alikuwa akitafuta mahali pa kulirudisha lile neno na hapaoni, maana kila akifungua mdomo anakuta mumewe ameshafika mbele zaidi. Neno si shuka, ulitoe kwenye kamba ulifue upya. Na jibu kwa bosi lilitakiwa siku ya mapumziko, kabla ya magharibi.

Siku hiyo ikafika, na kwa bahati pampu ya nyumba ya wageni ikaharibika. Hakuna maji, hakuna kufua. Taratibu akapata mapumziko siku moja na mumewe, jambo ambalo kiangazi huwa halitokei.

"Twende mahali," alisema.

"Mahali gani?" Dereva alikuwa amelala chali. "Kila mahali nimeshakwenda. Jana tu nimekwenda mara mbili."

"Kuna bwawa. Mpiga pasi mwenzangu kwao ni huko. Anasema wageni hawalijui, hata watu wa mjini hawalijui. Ukiacha lami, kwenye kinu cha kusaga nafaka, unaliacha gari hapo, unashika njia ya miguu."

"Kama halijulikani, basi lina sababu."

Kutoka nyuma ya pazia bibi akasema, "Mimi nimeshavaa viatu."

Na kweli alikuwa amevaa.

Waliazima gari la jirani yao seremala. Lilinuka mbao mbichi, na vumbi la msumeno lilikuwa limeingia hadi kwenye mshono wa viti. Bibi alikaa mbele, kama kawaida yake, na mkongojo wake katikati ya magoti. Taratibu alikaa nyuma na kikapu: mkate, mayai ya kuchemsha, machungwa, chupa ya chai. Dereva aliendesha kwa mkono mmoja.

"Mume wangu," bibi akasema, "hawa wageni wako unawaendeshea hivihivi?"

"Hivihivi."

"Ndiyo maana wanapiga picha sana. Kila mmoja anadhani ni ya mwisho."

Taratibu akacheka kimoyomoyo. Alikuwa akitazama kisogo cha mumewe na kuwaza kwamba kisogo hakisemeki nacho. Angesema wakifika, alijiambia. Wakishakaa, wakishakunywa chai, atasema. Njia nzima aliyapanga maneno kama anavyopanga foronya, na kila gari liliporuka kwenye shimo, yalimwagika yote, akaanza tena.

Kinu walikikuta, kimefungwa, mlango umepakwa unga mweupe hadi kimo cha mtu. Wakaegesha kivulini. Njia ya miguu ilianzia nyuma yake, nyembamba, ikapita kati ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, kisha ikagawanyika: mkono mmoja ulipanda kilima, mwingine uliishia kwenye ua wa nyumba moja yenye uzio wa miti mifupi.

Ndani ya ua kulikuwa na viti. Vingine vilikuwa vizima, vingine havina makalio, vingine vimelazwa chali miguu juu. Katikati yao alikaa mama mmoja wa makamo, kamba ya katani mdomoni, akisuka kiti kilichokuwa mapajani mwake. Alikuwa fundi wa viti, hilo halikuhitaji kuulizwa.

Dereva hakuingia. Alisimama njiani, akapaza sauti juu ya uzio, kama alivyozoea kuuliza njia akiwa garini.

"Shikamoo, mama. Eti bwawa liko mbali?"

Msuka viti akaitoa kamba mdomoni. "Marahaba. Karibu."

"Ahsante, mama."

Na dereva akashika njia ya kilimani. Bibi akamfuata, mkongojo ukigonga. Taratibu alikuwa wa mwisho. Aligeuka kidogo, akamwona yule mama amesimama, ameshika upindo wa kanga yake, anafuta kiti kimoja kilichokuwa kizima. Akafuta cha pili. Taratibu akataka kusema kitu. Lakini mumewe alikuwa ameshasema ahsante na mgongo wake ulikuwa unapanda kilima, na Taratibu akafuata, kwa sababu ndivyo alivyozoea: kuona kwanza, kusema akipata nafasi.

Kilima kilipanda. Kikafika mahali pa kupumzika, kumbe hapakuwa pa kupumzika, kilikuwa kinakusanya nguvu. Jua lilikaa utosini. Majani makavu yaliacha miiba kwenye pindo za nguo.

"Amesema karibu," dereva alisema.

Baadaye kidogo akasema tena, "Si amesema karibu?"

"Karibu ya watu wa shamba," bibi alisema huku akihema. "Wakikwambia hapo tu, beba blanketi. Wakikwambia karibu, andika wosia."

"Bibi, nikubebe?"

"Unibebe mbele ya mke mwenzangu? Ataniwekea sumu kwenye chai."

Walipofika juu waliona upande wa pili. Ulikuwa mteremko wa mawe, mawe matupu, na katikati yake mfereji mkavu ambao maji yaliwahi kupita masika ya zamani. Hata mjusi hakuwepo. Simu ya dereva, iliyokuwa kimya tangu waache lami, ikapata mtandao na kulia mfukoni. Akaisoma. Taratibu hakuhitaji kuuliza ni nani.

"Bosi," dereva alisema hata hivyo. "Anakumbusha jibu."

Hakujibu. Akairudisha mfukoni. Bibi alichagua jiwe, akalipiga na mkongojo kuona kama lina mwenyewe, akakaa.

"Mimi sisogei," alisema. "Bwawa likitaka kuniona linifuate."

"Yule mama katudanganya," dereva alisema. "Mtu mzima yule, na nywele zake nyeupe."

Hapo Taratibu akaona kwamba asiposema, mtu asiye na kosa atatukanwa.

"Hakudanganya," alisema. "Hakusema bwawa ni karibu. Alitukaribisha."

Dereva akamgeukia.

"Alitwambia karibu, tuingie, tukae. Wewe ukasema ahsante."

"Nilimshukuru kwa kunielekeza."

"Yeye kasikia umekubali kuingia. Tukapita."

Bibi alianza kutikisika mabega, mwanzo kidogo, kisha mkongojo ukamtoka mkononi. Alicheka hadi akajifuta macho. "Mume wangu," alisema, "unakaribishwa kwa watu, unajibu ahsante, unapanda mlima. Nilikulea mimi huyu? Nani atakubali?"

"Neno ni hilohilo," dereva alijitetea. "Karibu na karibu, utazijuaje?"

"Kwa kumtazama mtu," bibi akasema. "Mdomo unasema moja, mikono inasema nyingine. Lakini wewe umezoea kuuliza njia kupitia dirishani."

Dereva akamtazama mkewe. "Wewe ulijua tangu kule chini?"

"Nilimwona anafuta kiti."

"Mbona hukusema?"

"Ulishasema ahsante."

"Ndiyo, lakini mbona hukusema?"

Taratibu alikivuta kikapu. Alitoa chungwa kikapuni, akalimenya, akampa bibi nusu na mumewe nusu. Dereva alilishika lile chungwa bila kulila. Alikuwa anamtazama mkewe kama anavyotazama injini iliyotoa mlio ambao hakuutegemea, na anajaribu kukumbuka alianza kuusikia lini.

Walishuka polepole, bibi katikati, mkono mmoja kwa huyu na mmoja kwa yule.

Msuka viti alikuwa palepale. Na mbele yake, vikitazama njia, vilikuwa viti vitatu vilivyofutwa, na kwenye kigoda vikombe vitatu vya maji vimefunikwa kwa visahani, nzi wasiingie.

"Nilijua mtarudi," alisema. "Nyie ndio wale wanaokaribishwa asubuhi wakaingia mchana."

"Tusamehe, mama," dereva alisema. "Nilidhani umeniambia bwawa ni karibu."

"Wote wanadhani hivyo. Wanasimama hapo, wanauliza bwawa, nawaambia karibu, wananiambia ahsante, wanapanda huko juu kutafuta miiba. Wakishuka huwa na hasira, hata salamu hawaitikii. Wanarudi mjini wanasema hakuna bwawa."

"Sasa kwa nini huwaambii tu liko wapi?" bibi akauliza, ameshakaa, kikombe ameshakishika.

Msuka viti alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hali kwa kutumia sikio. "Mtu amesimama kwenye uzio wangu, amenisalimu. Nimwelekeze kabla sijamkaribisha? Hata jina lake silijui, nianze kumfukuza? Akae kwanza. Akishakaa namwambia."

"Sisi tumekaa," bibi alisema.

"Liko nyuma ya nyumba."

Bibi akakishusha kikombe. Kisha akamgeukia mjukuu wake, akamkagua kuanzia miiba ya suruali hadi utosini.

Na kweli lilikuwa nyuma ya nyumba. Ulipita jikoni, ukapita kamba ya nguo, ukashuka ngazi za mawe ambazo mtu alizipanga kwa mkono, na hapo miti iliinama pande zote mbili kama watu wanaosikiliza habari moja. Maji yalitoka chini ya jabali bila kelele, yakajaa mahali pa mviringo, yakatoka upande wa pili yakaenda zake. Uliona mchanga hadi chini. Hapakuwa na mtu, hapakuwa na kibao cha kuonyesha pa kusimama.

Bibi aliingiza miguu, akashusha pumzi ndefu, akasema hayo ndiyo maji, yale ya ziwani ni mchuzi wa watu. Msuka viti akaja na kiti alichokuwa anakisuka, akakaa karibu naye aendelee na kazi. Haukupita muda wakawa wanazungumza habari za magoti. Bibi alitaka kujua kamba inaanziwa wapi. Msuka viti akamwonyesha. Bibi akasema ameanza kuzeeka, la sivyo angejifunza, na msuka viti akampa kamba mkononi bila kumjibu.

Taratibu na mumewe walizunguka hadi upande wa pili, penye jiwe bapa. Wakala mkate. Taratibu akamimina chai. Yale maneno aliyoyapanga garini aliyatafuta, hakuona hata moja.

Dereva ndiye aliyeanza. Aliongea akitazama maji.

"Siku ile uliposema sawa."

Taratibu akamgeukia.

"Ilikuwa sawa gani?"

"Ya kusikia," alisema.

Dereva akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei na hakushangaa. "Mimi niliichukua ya kukubali."

"Najua."

"Tena uliitoa haraka. Hata chujio hukushusha. Nikajiambia, huyu mwanamke nimemwambia naondoka mwaka mzima, hata chai haikumwagika. Nikajua amechoka na lile pazia. Nikasema anataka ukuta kuliko anavyonitaka mimi."

"Ukuta nitaufanyia nini, wewe haupo? Niuegemee?"

"Sasa ningejuaje?"

"Ungeuliza."

"Na wewe ungesema."

Ng'ambo ya maji bibi alikuwa amekosea kamba, anaapa kwamba kiti ndicho kibovu. Taratibu alichukua kipande cha ganda la yai, akakivunja vipande vidogo. Aliona kwamba mpaka hapo amejibu tu. Kila alichosema kilitolewa na swali la mwingine. Akaviweka chini vile vipande.

"Wewe unataka kwenda?" aliuliza.

"Lile basi ni zuri. Viti vyake vinalala kabisa, na..."

"Sikuulizi habari za basi."

Dereva alijikuna shingo. Alitazama mikono yake. Ilichukua muda, na Taratibu hakumsaidia.

"Sitaki," alisema mwishowe. "Tangu siku ya kwanza sitaki. Lakini mwanamume ukiletewa kazi kubwa ukasema sitaki, watu wanauliza una nini. Nikasema nitafika nyumbani, mke wangu atakataa, nitamwambia bosi mke wangu kakataa. Nimekuja na mpango wangu mzuri, nimevua viatu, nimekwambia." Akageuka. "Ukasema sawa."

Taratibu alimtazama. Kicheko kilimjia kutoka mbali, akajaribu kukishika, kikamponyoka. Akacheka hadi chai ikamwagika kwenye jiwe. Dereva naye akacheka, kwa aibu kidogo.

"Kwa hiyo ulitaka nikataze mimi, lawama zije kwangu."

"Lawama kidogo tu."

"Wiki nzima sili vizuri."

"Mimi wiki nzima nasifia basi nisilolitaka."

Bibi akapaza sauti kutoka ng'ambo. "Mnacheka nini? Semeni na sisi tucheke."

"Tunakucheka wewe na kiti chako," dereva akamjibu.

"Nawaona."

Kicheko kilipokwisha, Taratibu akajikausha mikono kwenye nguo. Jua lilikuwa limeanza kuacha maji na kupanda kwenye miti. "Basi sikiliza," alisema. "Sikusemei kwa bosi. Nasema langu. Sitaki uende. Nikirudi kutoka kwenye shuka za watu jioni, nataka nikukute, hata kama umelala chali na huna habari. Pazia silipendi, lakini nitakaa nalo. Ukiwa na la kusema, sema. Usiniachie mimi kubahatisha, na mimi sitakuachia."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Yalimwacha na kiu. Dereva alisikiliza hadi mwisho, kisha akasimama.

"Huku hakuna mtandao," alisema. "Inabidi nipande kilima."

"Panda. Njia unaijua."

Alipanda. Kutoka kwenye jiwe bapa, kupitia mwanya wa miti, Taratibu alimwona anakuwa mdogo. Akamwona amefika juu, akaweka mkono sikioni, akaanza kuzunguka lile jiwe la bibi. Alizunguka sana. Mtu anayesema hapana moja hazunguki hivyo, Taratibu aliwaza. Labda bosi anaongeza kitu. Labda anapewa chumba hukohuko, aje na mkewe, aje na bibi. Labda sasa hivi, kule juu, kuna mtu anasema sawa. Alitaka kuinuka amfuate, akajizuia, akavua viatu ili awe na la kufanya.

Msuka viti alimwona. "Ingia, mwanangu," alisema. "Maji hayangojwi."

Taratibu akaingia na nguo zake, kanga kiunoni. Maji yalimpanda magotini, yakampanda mapajani, baridi ya kumfanya mtu avute pumzi kisha asahau kwa nini aliivuta. Akasimama. Hakujua la kufanya. Maisha yake yote maji yalikuwa ni kazi. Alikuwa hajawahi kusimama ndani yake bila kuwa na kitu cha mtu mwingine mkononi.

Dereva alirudi na jasho, miiba mipya kwenye suruali. Akakaa ukingoni, akafungua viatu, akakunja suruali bila haraka. Taratibu hakumngoja aamue kusema.

"Kasema nini?"

"Nilimwambia siendi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia sitaki."

"Hukunitaja?"

"Sikukutaja." Aliingiza mguu mmoja, akakunja uso. "Alinyamaza sana, nikadhani mtandao umekatika, ndiyo maana nikawa nazunguka. Kisha akasema ana watu wengi wanaoililia kazi hiyo. Nikamwambia awape. Akasema mwakani nisije kumsumbua. Ila hii gari ya sasa nabaki nayo."

"Amekasirika?"

"Amekasirika. Atapoa, au hatapoa." Aliingiza mguu wa pili. "Akaniuliza niko wapi, mbona anasikia upepo. Nikasema niko kwa mama mmoja. Akauliza kama kuna cha kuonyesha wageni huko."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia kuna viti."

Msuka viti, ng'ambo, hakuinua kichwa, lakini mkono wake ulisimama kidogo kwenye kamba, kisha ukaendelea.

Dereva aliteleza kwenye mchanga, akashika bega la mkewe, akasimama. Alikuwa ndani ya maji hadi kiunoni sasa, suruali yake aliyoikunja vizuri imelowa yote. "Kumbe kweli ni ya baridi," alisema.

"Mume wangu amekimbilia majini," bibi alimwambia mwenyeji wake. "Nimegeuka kidogo tu."

"Mwache aoge," msuka viti alisema. "Wewe kaza kamba. Hiyo imelegea."

Walikaa humo hadi vidole vikakunjamana. Hawakuzungumza mengi. Walisema chumba cha pili hakitajengwa mwaka huu, labda hata mwaka ujao, na kwamba pazia angalau linaweza kuongezwa unene. Taratibu alikuwa akisikiliza na mikono yake ikienda yenyewe. Ghafla dereva akamtazama.

"Unafua."

"Sifui."

"Unafua kanga yako."

Akaangalia. Kweli alikuwa ameivua kiunoni bila kujua, anaisuuza kwa pande mbili, anaipekecha, kama vile mwenye nyumba ya wageni yuko mlangoni.

"Basi nisaidie kukamua," alisema. "Mkononi mwa mtu mmoja haikauki."

Walitoka hadi kwenye jiwe bapa. Taratibu akashika upande mmoja, akampa mwingine. Dereva aliendesha magari makubwa kuliko nyumba, lakini kanga hakuwahi kukamua. Akamtazama mkewe anavyozungusha, naye akazungusha vilevile, upande uleule. Kanga ikazunguka yote kama kamba ya watoto ya kuruka, na haikutoa hata tone.

"Haikamuki," alisema.

"Kwa sababu unanifuata. Ukinifuata tunazungusha tu. Zungusha wewe kwako, mimi kwangu."

"Kulia au kushoto?"

"Mimi naenda kulia."

"Sasa mbona hukusema mwanzo?"

"Si nakwambia."

Dereva akageuza mikono. Kanga ikajibana, ikakakamaa katikati yao kama mti, na maji yakashuka kwenye jiwe, mengi, hadi yakawalowesha miguu.